Sura ya Saba: Maji Yashukayo Kimya

Swali ambalo wafugaji wa samaki wa mapambo hawaachi kuuliza lina pande mbili, ingawa muulizaji mara nyingi hulichukulia kuwa moja: kwa nini bomba linaloteremsha maji kutoka tangi la juu hukoroma usiku kucha, na kwa nini siku moja, bila dalili yoyote iliyotangulia, maji ya chumvi hukutwa yametanda sebuleni? Wengi hutafuta dawa ya kelele kwanza, wakiamini kwamba bomba likinyamaza basi limepona, na ndipo hujikuta wamepata bomba lililo kimya na sakafu iliyolowa.

Mtaani kama Mchikichini, kata ya Dar es Salaam iliyo kati ya Bonde la Msimbazi na pilikapilika za Kariakoo, suala hili lina uzito wake. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili zinazidi kupisha maghorofa, na katika yote mawili kitanda na sebule hukaribiana mno, kiasi kwamba mlio mdogo wa maji husikika na kila aliyelala. Zaidi ya hapo, maji yanayomwagika ghorofa ya tatu hayaishii ghorofa ya tatu, bali hushukia dari la jirani wa chini, ambaye hakununua samaki wala hakuombwa ushauri.

Hoja ya sura hii ni kwamba ukimya na usalama ni kazi mbili ambazo bomba moja haliwezi kuzifanya kwa pamoja. Bomba lililo kimya ni bomba lililojaa maji, na bomba lililojaa maji halina nafasi iliyobaki kwa ajili ya dharura.

Tangi la hifadhi na kazi yake

Tangi la hifadhi, ambalo wafugaji wa samaki wa baharini huliita refujiamu, ni chombo cha pili kinachounganishwa na tangi kubwa la maonyesho ili maji yaleyale yazunguke katika vyombo vyote viwili, huku samaki wakizuiwa kuingia katika hicho cha pili. Ndani yake hupandwa mwani, ambao hufyonza naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vinavyotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, ambavyo vikizidi huotesha utando wa kijani unaochafua vioo. Katikati ya mwani huo huzaliana viumbe wadogo wa jamii ya kamba, wengi wao wasiozidi milimita chache, ambao wangeliwa wote kama wangekaa pamoja na samaki. Hapo wanajificha, wanaongezeka, na wachache huchukuliwa na maji hadi tangi la maonyesho kuwa chakula hai.

Wazo la kutumia mwani kusafisha maji si geni. Walter Adey, mtaalamu wa mwani wa Taasisi ya Smithsonian nchini Marekani, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mfumo wa matumbawe uliofungiwa ndani ya jumba la makumbusho unaweza kuishi maji yake yakisafishwa kwa mwani, na kitabu alichoandika pamoja na Karen Loveland, Dynamic Aquaria, kilitoka mwaka 1991. Huku kwetu mwani unajulikana zaidi kama zao, kwa kuwa kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja. Lakini spinosum na kotonii zinazolimwa huko huhitaji jua kali na maji yanayosukasuka, kwa hiyo si chaguo jepesi kwa tangi dogo la nyumbani. Mwani wa kijani wenye nyuzi zilizosokotana, unaofanana na fundo la nyavu, huvumilia zaidi taa ya kawaida.

Taa hiyo huwashwa usiku, tangi la maonyesho linapokuwa gizani. Mchana mwani na matumbawe hutumia hewa ya kaboni dioksidi iliyomo majini, na usiku viumbe vyote huitoa tena, hali inayoyafanya maji yawe na asidi zaidi kuelekea alfajiri. Mwani unaofanya kazi usiku hupunguza mabadiliko hayo. Msomaji anayefuga samaki wa maji baridi, wakiwamo wale wa rangirangi wanaotoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, anaweza kupanda mimea ya majini mahali pa mwani, na kanuni za mabomba zitakazoelezwa hapa hazitabadilika.

Mpangilio unaofuatwa katika sura hii ni mwepesi: tangi la hifadhi limewekwa kwenye rafu imara, juu kuliko tangi la maonyesho. Pampu iliyozama katika tangi la maonyesho hupandisha maji, nayo hurudi yenyewe kwa mteremko kupitia bomba. Faida yake ni kwamba viumbe wadogo hushuka kwa samaki bila kupita katika panga za pampu. Hasara yake ni dhahiri kwa yeyote atakayeinua macho, kwani lita kadhaa za maji zinakaa juu ya kila kitu.

Kelele hutoka wapi

Maji matupu hayana kelele. Kinachosikika ni hewa inayoingia bombani pamoja na maji na kugombania njia nayo. Maji yakiwa machache hutambaa kwenye kuta za bomba na hewa hupita katikati bila ugomvi, hivyo mlio huwa mdogo. Yakiongezeka huziba bomba kwa kitambo, yakavuta kwa nguvu, kimo cha maji katika tangi la juu kikashuka, hewa ikaingia kwa kishindo, mvuto ukakatika, kisha kimo kikapanda na mzunguko ukaanza upya. Huo ndio mkoromo wa usiku. Yakiongezeka zaidi, au njia ikibanwa ili hewa isipate pa kuingilia, bomba hujaa kabisa na sauti hutoweka.

Bomba lililojaa namna hiyo hufanya kazi kwa sifoni, yaani mvuto unaotokea pale safu ya maji yasiyo na hewa inaposhuka na kuyavuta maji yaliyo nyuma yake. Dereva anayetoa dizeli kwenye tangi la gari kwa mpira anatumia sifoni hiyohiyo, naye anajua kwamba mpira ukitoboka juu mafuta husimama. Sifoni ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani: bomba la nchi moja lenye mteremko wa sentimita 60 linaweza kupitisha zaidi ya lita 3,000 kwa saa likijaa, ambapo tangi dogo la hifadhi huhitaji kama lita 600 hadi 1,000 tu. Bomba likiachwa wazi litakausha maji haraka kuliko pampu inavyoyaleta, hewa itaingia, na mkoromo utarudi. Ndiyo maana valvu hufungwa kwenye bomba hilo, karibu na mwisho wake wa chini, na kubanwa taratibu mpaka maji yanayotoka yalingane na yanayoingia.

Mambo mawili madogo huharibu sifoni nzuri. La kwanza ni mdomo wa juu kukaa karibu mno na uso wa maji, kwa sababu maji huzunguka kama tundu la sinki na kufyonza hewa. Mdomo ukielekezwa chini kwa elbo na kuzama sentimita 8 hadi 10, tatizo hilo huisha. La pili ni mwisho wa chini kuzamishwa kina kirefu katika tangi la maonyesho. Ukizama sentimita 2 au 3 unatosha kuzuia mchuruziko. Ukizama sentimita 15, hewa iliyomo bombani wakati pampu inawashwa hushindwa kutoka, sifoni haianzi, na maji hupanda katika tangi la juu yakisubiri njia ambayo haifunguki.

Bomba ambalo halifanyi kazi

Bomba la sifoni, ambalo tuliite bomba kuu, limebanwa kwa kipimo. Kipande kimoja cha mwani kikikatika na kunasa kwenye valvu, au konokono mmoja akiamua kupumzika mdomoni mwake, ulinganifu wote huvurugika, na hakuna akiba. Katika tangi la kawaida hatari hiyo ipo. Katika tangi la hifadhi ni kubwa zaidi, maana chombo hicho kimejengwa kwa makusudi ili kioteshe kile kinachoziba mabomba.

Kwa hiyo bomba la pili ni la lazima. Mdomo wake huwekwa sentimita 2 hivi juu ya kimo cha kawaida cha maji, na chini ya ukingo wa tangi kwa nafasi ya kutosha; halina valvu, halina kona zisizo za lazima, na kipenyo chake huzidi cha bomba kuu. Siku zote hukaa kavu. Mafundi wengi huona ni hasara kufunga bomba lisilopitisha maji, na wateja wengi hukubaliana nao, ilhali hakuna anayelalamika kwamba simtanki la juu ya paa lina bomba la kumwaga maji ya ziada ambalo halilowi mwaka mzima.

Bomba hili la dharura lazima liweze kubeba peke yake maji yote ya pampu, tena bila msaada wa sifoni. Bomba lisilojaa hupitisha sehemu ndogo tu ya kile ambacho lingepitisha likijaa, na hapo ndipo kipenyo kinapoleta tofauti. Kwa mtiririko wa lita 800 kwa saa, bomba kuu la robo tatu ya nchi na bomba la dharura la nchi moja na nusu ni mchanganyiko wenye amani. Mwisho wake wa chini usizamishwe kabisa, bali uishie sentimita kadhaa juu ya maji, ili siku litakapofanya kazi lipige kelele za kuamsha nyumba. Kelele ambayo ilikuwa adui katika bomba kuu hapa ni kengele isiyohitaji betri.

Wapo wanaoongeza bomba la tatu, lenye tundu la hewa juu, ambalo hupokea mchuruziko mdogo unaobaki baada ya bomba kuu kubanwa, ili kimo cha maji kisipande na kushuka kila kunapotokea badiliko dogo. Katika tangi kubwa ni jambo zuri. Katika tangi la sentimita 60 ni tundu jingine la kutoboa kioo, na pengine haifai.

Kwa ufupi: bomba kuu hujaa, hubanwa na valvu na kunyamaza, bomba la dharura ni pana, halina valvu, hukaa kavu na hupiga kelele likihitajika. Kuliwekea bomba la pili valvu ili lifanane na la kwanza ni kulifuta.

Hesabu inayozuia mafuriko bila bomba

Hata mabomba mawili yanaweza kuziba. Ulinzi wa mwisho haumo kwenye mabomba bali kwenye kiasi cha maji ambacho pampu inaweza kukichukua, na ni ajabu jinsi hesabu hii inavyosahaulika wakati haigharimu chochote.

Tuchukue tangi la maonyesho lenye uso wa sentimita 100 kwa 40, na tangi la hifadhi la sentimita 60 kwa 30. Kila sentimita moja ya kimo katika la kwanza ni lita 4, na katika la pili ni lita 1.8. Pampu ikilazwa chini kabisa na mabomba yote mawili yakaziba, itayapandisha maji mpaka samaki wabaki juu ya mchanga, na karibu yote yatapita juu ya ukingo hadi sakafuni. Pampu hiyohiyo ikitundikwa ili mdomo wake wa kufyonza uwe sentimita 5 tu chini ya uso wa maji, haiwezi kuchukua zaidi ya lita 20 kabla ya kuanza kufyonza hewa. Tangi la hifadhi likiachiwa nafasi tupu ya sentimita 12 kutoka kimo cha kawaida hadi ukingoni, nafasi hiyo hubeba lita 21.6. Mabomba yote yameziba, pampu inalia kwa kukosa maji na huenda ikaharibika, lakini sakafu ni kavu.

Gharama ya ulinzi huu ni uangalizi. Joto la Dar es Salaam hukausha maji kila siku, na kimo kikishuka pampu huanza kumeza hewa mapema, hivyo tangi hujazwa mara kwa mara kwa maji baridi, si ya chumvi, kwa kuwa kinachopaa hewani ni maji peke yake na chumvi hubaki. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Umeme unapokatika

Mgao wa umeme wa mwaka 2022 na 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji kuanza kuzalisha Februari 2024, lakini pampu haibagui sababu. Umeme ukikatwa kwa matengenezo, au uniti za LUKU zikiisha saa nane usiku, pampu husimama, na papo hapo maji huanza kushuka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni bomba kuu, ambalo hushusha maji mpaka mdomo wake ubaki wazi. Kwa kuwa mdomo umeelekezwa chini na kuzama, ungeendelea kuvuta hadi sentimita 10 za maji. Ndiyo maana kitundu kidogo hutobolewa juu ya elbo, karibu na uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kukata mvuto. Kitundu hicho hakitakiwi kufyonza hewa wakati mfumo unafanya kazi, kwa hiyo huwekwa sentimita 1 au 2 chini ya kimo cha kawaida.

Njia ya pili ndiyo inayofurikisha nyumba za watu. Bomba linalopandisha maji likiishia chini ya uso katika tangi la hifadhi, pampu ikizimika nalo hugeuka sifoni na kurudisha maji kinyumenyume. Tuseme mwisho wake umezama sentimita 15: lita 27 zitashuka. Tangi la maonyesho lenye nafasi tupu ya sentimita 4 hupokea lita 16, na lita 11 zinazobaki hutafuta mlango. Dawa ni kuishia karibu kabisa na uso wa maji na kutoboa kitundu cha hewa hapohapo. Valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo wauzaji hupenda kuipendekeza, haitoshi kuaminiwa peke yake, kwani chumvi na nyuzi za mwani huifanya isifunge sawasawa.

Waya wa pampu nao upinde chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke pale chini badala ya kuingia kwenye umeme. Ekstensheni isilazwe sakafuni. Sakiti yenye kifaa kinachokata umeme kinapohisi mvujo ni bora zaidi, hasa kwa maji ya chumvi, yanayopitisha umeme kwa urahisi kuliko ya kunywa.

Vifaa vya Gerezani

Karibu kila kinachohitajika hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gerezani na Kariakoo, isipokuwa vitu viwili vinavyosumbua. Cha kwanza ni valvu. Geti valvu, ile inayozungushwa mara nyingi kufungua na kufunga, hubana maji kwa kipimo cha hali ya juu na ndiyo inayofaa bomba kuu. Lakini nyingi zilizopo madukani ni za shaba, na shaba ikiyeyuka hata kidogo katika maji ya chumvi huua kamba, konokono na matumbawe. Valvu ya plastiki ya mkono mmoja, inayofungwa kwa robo ya mzunguko, ni mbadala unaokubalika, mradi mkono uguswe polepole kwa milimita.

Cha pili ni vipimo. Bomba la milimita 25 kwa nje ni sawa na lile linaloitwa robo tatu ya nchi, na la milimita 32 ni la nchi moja, lakini mabomba ya maji taka na yale ya maji yenye presha hayalingani hata yakiandikwa namba moja. Mnunuzi aende na kipande mkononi akakijaribishe dukani. Gundi ikishapakwa iachwe siku nzima, kisha mabomba yasuuzwe. Sehemu za kutenganisha, yaani yunioni, zifungwe juu na chini ya valvu ili ifunguliwe na kusafishwa bila msumeno.

Kutoboa kioo ni kazi ya fundi mwenye keekee ya almasi na maji ya kupooza, na kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitobolewi kabisa, kwani hupasuka chembechembe. Anayeogopa kioo atumie chombo cha plastiki kigumu kisichobonyea kikijaa maji. Asichopaswa kukubali ni bomba lenye umbo la U linaloning'inizwa ukingoni ili kukwepa kutoboa: hewa hujikusanya juu ya kona yake siku baada ya siku, mvuto hukatika, na pampu haina habari.

Majaribio kabla ya chumvi

Mfumo ujazwe maji ya kawaida kwanza, ukiwezekana bafuni au uani, na uharibiwe kwa makusudi:

1. Pampu izimwe na kuwashwa mara kadhaa. Bomba la dharura litasikika kwa muda mfupi, kisha bomba kuu litatoa hewa yake na kunyamaza lenyewe ndani ya dakika chache. Lisiponyamaza bila kuguswa, mwisho wake wa chini umezama mno.
2. Pampu ikizimwa, kimo kipya katika tangi la maonyesho kiwekewe alama kwa kalamu ya wino mzito, na tangi lisijazwe kamwe kupita kiasi kinachofikisha maji kwenye alama hiyo.
3. Bomba kuu lizibwe kwa kitambaa. Bomba la dharura libebe maji yote, na kimo kisiendelee kupanda.
4. Mabomba yote mawili yazibwe. Pampu ifyonze hewa kabla tangi la hifadhi halijamwagika.

Jaribio la nne ndilo linalorukwa na wengi, kwa kuwa linatisha na kwa kuwa fundi anataka kulipwa aondoke. Asilipwe kabla ya hilo.

Baada ya hapo kinachobaki ni usafi. Midomo yote miwili huzungushiwa wavu mgumu wenye matundu mapana, kwani wavu wenye matundu madogo huziba wenyewe na kuwa tatizo jipya, na wavu wa bomba la dharura uwe mpana kuliko wa bomba kuu. Valvu ifunguliwe kabisa mara moja kwa mwezi ili uchafu utoke kwa mkondo mkali, kisha irudishwe kwenye alama yake. Ikianza kuwa ngumu kwa chumvi na chokaa, hulowekwa kwenye siki usiku mmoja. Mwani nao hupunguzwa unapojaa, na pampu izimwe kwanza, isiwashwe tena mpaka vipande vyote vinavyoelea viwe vimeokolewa kwa kikapu, kwa sababu siku ya kuvuna ndiyo siku ambayo bomba la dharura lina uwezekano mkubwa wa kulowa.